HESABU NYUMBANI: Tisa ilinihadaa, tisini na saba ikaniokoa

Ndugu msomaji, juma hili sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Mtu aliyepewa cheti cha ualimu, na ambaye hata ofisini kazi yake ni kupanga orodha za namba, hapendi kusema mbele ya watu kwamba alishindwa kunakili namba moja. Lakini kosa likifichwa halimfundishi mtu, nami naamini kosa langu linaweza kuokoa karo ya mtoto wa msomaji fulani.

Mwezi uliopita shangazi yangu, anayeuza ndagala sokoni hapa Bujumbura, alinijia nyumbani Buyenzi baada ya Magharibi. Katika pindo la kitenge chake alikuwa amefunga fedha alizozikusanya faranga kwa faranga kwa muda wa miezi minane. Zilikuwa ni karo ya binti yake wa mwisho, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka malipo yaingie benki kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, na atakayechelewa nafasi yake angepewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Shangazi alinipa karatasi yenye namba ya akaunti ya chuo. Ilikuwa na tarakimu 23. Aliniambia, "Mwalimu, macho yangu hayazioni vizuri hizi. Niandikie kwa herufi kubwa, nisije nikapotea." Nikaandika. Kisha nikafanya jambo nililofundishwa tangu darasa la nne: nikaipima namba kwa tisa. Nilijumlisha tarakimu zote za karatasi ya chuo, nikajumlisha na zile nilizoandika mimi, majumlisho yakawa sawasawa. Nikamwambia kwa kiburi kidogo, "Shangazi, nenda ukalale. Namba nimeihakiki."

Asubuhi, saa nne, tulikuwa dirishani. Karani aliiingiza namba, akatazama kioo cha mashine yake, akairudia. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, namba hii inakataa. Ufunguo wake haukubali." Nikamjibu kwamba haiwezekani, nimeihakiki mwenyewe. Shangazi hakusema neno. Alinitazama tu, na jicho lile lilinichoma kuliko maneno. Karani akaomba karatasi ya chuo, akaweka kidole katikati ya namba: penye 83 mimi nilikuwa nimeandika 38.

Tulisahihisha, fedha zikapokelewa, na binti yuko chuoni. Lakini njiani kurudi nyumbani niliulizwa swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Basi mwalimu, ile hesabu yako ya jana usiku ilikuwa ya nini? Na mashine ile, isiyokijua chuo wala isiyonijua mimi, ilijuaje kuwa umekosea?" Makala haya ndiyo jibu langu kwa shangazi.

KIPIMO CHA TISA NA UPUNGUFU WAKE

Kipimo cha tisa ni hesabu ya kale. Wahindi na Waarabu waliitumia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hata neno letu tisa lina asili ya Kiarabu. Wengi wetu tumekutana nacho shuleni tukihakiki kuzidisha. Mathalani mtoto amezidisha 43 kwa 26 akapata 1118. Katika 43, nne na tatu ni saba. Katika 26, mbili na sita ni nane. Saba mara nane ni 56. Tano na sita ni 11. Moja na moja ni mbili. Sasa tazama jibu: 1 na 1 na 1 na 8 ni 11, nayo ni mbili. Mbili kwa mbili: jibu limepita.

Lakini tuseme mtoto huyo alipata jibu sahihi, kisha mkono ukateleza akaandika 1181. Jumlisha tena: bado ni 11, bado ni mbili. Kipimo kimepitisha kosa la sitini na tatu! Kwa nini? Kwa sababu kumi ukiigawanya kwa tisa inabaki moja, na mia inabaki moja, na elfu inabaki moja. Kwa tisa, tarakimu 8 ina uzito ule ule, iwe mahali pa mamoja, pa makumi au pa maelfu. Tisa ni bawabu anayehesabu idadi ya watu waliomo ndani, lakini hajali nani ameketi kiti cha nani. Na mojawapo ya makosa ya mkono wa mwandishi, ndugu msomaji, ni hilo hasa: tarakimu zote zipo, ila mbili zimebadilishana viti.

Hivyo ndivyo nilivyohadaika. Nilikuwa na mlinzi, lakini mlinzi asiyeweza kuliona kosa la aina yangu.

KWA NINI TISINI NA SABA

Namba ya akaunti ya hapa Burundi, katika mpango wa kimataifa uitwao IBAN, hupangwa hivi: tarakimu tano za benki, tano za tawi, kumi na moja za akaunti yenyewe, na mbili za mwisho ambazo ni ufunguo. Jumla ni 23. Ukizisoma kama namba moja kamili, ni namba kubwa kupita fikira. Sekunde zote zilizopita tangu ulimwengu kuanza, ambazo wataalamu wanakadiria kuwa ni za miaka bilioni 13.8, zinaandikwa kwa tarakimu 18 tu.

Ufunguo hauchaguliwi kwa bahati nasibu. Katika nchi kadhaa hutafutwa kwa kugawanya kwa 97. Ubelgiji, iliyotawala hapa hadi mwaka 1962, namba zake za akaunti huishia kwa tarakimu mbili ambazo ni baki la kugawanya zile zilizotangulia kwa 97. Ufaransa huchagua tarakimu mbili ambazo zikiongezwa mwishoni, namba nzima hugawanyika kwa 97 bila baki. Tujaribu njia hii ya Ufaransa kwa namba ambayo kila mwanafunzi wa Burundi ameikariri: eneo la nchi yetu, kilomita za mraba 27,834.

Chukua 27834, ongeza sifuri mbili mwishoni, upate 2783400. Igawanye kwa 97. Baki ni 82. Toa 82 katika 97, upate 15. Basi ufunguo wa namba yetu ni 15, na namba kamili yenye ufunguo ni 2783415. Sasa tuihakiki, na tufanye hivyo kwa vipande, maana njia hii inafaa hata kwa namba ndefu isiyoingia katika kikokotoo cha simu. Chukua 278: gawanya kwa 97, ni 2, baki 84. Bandika tarakimu mbili zinazofuata mbele ya baki, upate 8434: ni 86, baki 92. Bandika mbili za mwisho, upate 9215: ni 95 kamili, hakuna baki. Namba imepita.

Sasa turudie kosa langu. Badilisha 83 iwe 38, upate 2738415. Kwa kipimo cha tisa, jumla ya tarakimu ni 30 kabla ya kosa na 30 baada ya kosa. Tisa haioni kitu. Gawanya kwa 97: baki ni 8. Kosa limekamatwa.

Siri iko katika uzito wa viti. Ukigawanya kwa 97, mamoja yana uzito wa 1, makumi 10, mamia 3 (kwa kuwa mia ukitoa 97 zinabaki tatu), maelfu 30, makumi elfu 9, malaki 90, na milioni 27. Hakuna kiti kinacholingana na jirani yake. Pima 2783415 kuanzia kulia: 5 mara 1 ni 5, 1 mara 10 ni 10, 4 mara 3 ni 12, 3 mara 30 ni 90, 8 mara 9 ni 72, 7 mara 90 ni 630, 2 mara 27 ni 54. Jumlisha yote: 873, ambayo ni 97 mara 9 barabara. Lakini 8 na 3 zikibadilishana viti, 90 inakuwa 240 na 72 inakuwa 27. Jumla inakuwa 978, nayo inapita 970 kwa 8. Ndilo baki lile lile tuliloliona.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini isiwe 99, ambayo ni kubwa zaidi na rahisi kuikumbuka? Kwa sababu mia ukiigawanya kwa 99 inabaki moja. Basi mamoja na mamia yangekuwa na uzito mmoja, na tarakimu mbili zilizotenganishwa na moja katikati zingeweza kubadilishana viti bila kuonekana. Na kwa nini isiwe 100? Hapo zingepimwa tarakimu mbili za mwisho tu, na zote zilizotangulia zingekosa mlinzi.

Sifa ya kwanza ya 97 ni kwamba ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya mia. Namba tasa haiwezi kugawanya zao la namba mbili isipokuwa igawanye mojawapo. Ukikosea tarakimu moja tu, tofauti kati ya namba sahihi na namba ya kosa ni tarakimu kati ya 1 na 9 iliyozidishwa kwa kumi mara kadhaa. 97 haigawanyi 1 hadi 9, wala haigawanyi kumi. Basi kosa la tarakimu moja haliponi hata mara moja, likiwa mahali popote katika namba.

Sifa ya pili ni ya ajabu zaidi. Andika namba za tisa tupu: 9, 99, 999, 9999, na kuendelea. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 97 mpaka tisa zifike 96. Kwa sababu hiyo, tarakimu zozote mbili zisizofanana zikibadilishana viti katika namba ya tarakimu 23, ziwe zimekaribiana au moja iwe mwanzo na nyingine mwisho, 97 hukamata kosa. Sikusema aghalabu hukamata. Hukamata kila mara. Kosa langu la Alhamisi usiku halikuwa na njia ya kupita.

HERUFI BI NA TARAKIMU 42

Namba ya kimataifa huongeza herufi mbili za nchi na tarakimu mbili za uhakiki mbele ya zile 23. Kwetu herufi ni BI, na jumla yake ni alama 27. Mpango huu ulitolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1997, nao unatumia hesabu ya 97 iliyokwisha kuwekwa katika kanuni za shirika hilo mwaka 1983.

Kuihakiki, alama nne za mwanzo huhamishiwa mwisho, na herufi hugeuzwa kuwa namba: A ni 10, B ni 11, na kuendelea hivyo hadi I iliyo 18. Basi BI inakuwa 1118, namba ile ile ya mtoto wetu wa kuzidisha. Inapatikana namba moja ya tarakimu 29. Ikigawanywa kwa 97, safari hii baki lazima liwe 1.

Hapa pana jambo litakalowafurahisha wapendao hesabu. Ikiwa zile tarakimu 23 zenyewe zinagawanyika kwa 97 bila baki, basi hazina mchango wowote katika baki la mwisho, na kazi yote inabaki kwa mkia: 1118 na tarakimu mbili za uhakiki. Mkia gani huacha baki 1? Ni 111842 peke yake, kwani 97 mara 1153 ni 111841. Kwa hiyo kila namba ya namna hiyo lazima ianze na BI42. Ndiyo sababu akaunti za Ufaransa zilizoandikwa kwa tarakimu tupu huanza na FR76; hesabu ni ile ile, herufi tu ndizo zimebadilika. Msomaji mwenye akaunti achungulie karatasi yake, kisha agawanye tarakimu zake 23 kwa vipande kama tulivyofanya. Ni kazi ya dakika tano, na kalamu inatosha.

MLINZI HAMJUI MWENYE NYUMBA

Ndugu msomaji, tusije tukatoka hapa na imani kupita kiasi kama niliyokuwa nayo mimi juu ya tisa. Kila mlinzi ana mpaka wake.

Kwanza, namba iliyovurugwa ovyo, yaani yenye makosa mengi kwa pamoja, ina nafasi moja hivi katika 97 ya kupita kwa bahati. Ni nafasi ndogo, lakini ipo.

Pili, ufunguo hukamata kosa la kalamu, haukamati uwongo. Mwizi akikuletea ujumbe kwamba chuo kimebadilisha akaunti, namba atakayokupa ni namba halali ya akaunti yake. 97 itaipitisha bila wasiwasi, kwa kuwa haina kosa. Hesabu haijui nani ni mwalimu mkuu na nani ni tapeli. Hapo dawa ni mguu na mdomo: nenda chuoni, au uliza kwa njia unayoijua tangu zamani, kabla hujalipa.

Tatu, na hili ndilo linalogusa nyumba nyingi zaidi, namba ya simu haina ufunguo. Namba zetu za simu zina tarakimu nane, na zote nane hutumika kumtaja mwenye simu. Hakuna hata moja iliyowekwa kulinda nyingine. Ukikosea moja au ukibadilisha mbili, unaweza kuwa umeandika namba halali ya mtu mwingine. Siku hizi fedha za matibabu, za kodi ya nyumba na za karo hupita katika simu hizo, na mama anayemtumia mwanawe huko Gitega au Rumonge hana 97 ya kumzuia. Anayebaki kuwa mlinzi ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka taratibu hizi, nami nawashauri wasomaji waziweke kwao:

1. Namba ndefu isomwe kwa mafungu ya tarakimu tatu au nne, siyo kwa pumzi moja.

2. Anayesoma na anayeandika wawe watu wawili. Aliyeandika asome tena kwa sauti, na mwenzake afuate kwa kidole katika karatasi ya asili. Macho ya mtu mmoja huona kile yanachokitarajia. Macho yangu yaliona 83 hata pale nilipokwisha kuandika 38.

3. Nakala isinakiliwe kutoka nakala. Nenda nayo karatasi ya asili mpaka dirishani. Ingekuwa niliiacha nyumbani, saa sita ingetukuta njiani.

4. Jina la mpokeaji likitokea kabla ya kuthibitisha, lisomwe herufi kwa herufi. Jina ndilo ufunguo wa namba isiyo na ufunguo.

5. Fedha zenye siku ya mwisho zipelekwe siku kadhaa kabla, ili kosa likipatikana pawe na nafasi ya kulisahihisha.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, nikamwonyesha ile 873 na ile 978 juu ya meza. Akacheka, akasema, "Kumbe 8 ya sokoni na 8 ya benki si moja. Sokoni nane ni nane, hapo inategemea imekaa wapi." Sijapata mwanafunzi aliyelieleza somo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Kisha akaongeza: "Lakini safari ijayo, mwalimu, utaandika, nami nitamwita binti asome." Nimekubali.

ZOEZI LA JUMA HILI

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Watoto watafute ufunguo wa namba 1962 kwa njia ya 97 tuliyoieleza: ongeza sifuri mbili, gawanya, toa baki katika 97. Kisha wabadilishe 9 na 6 zikae mahali pa mwenzake, waache ufunguo ule ule, waone baki linalotokea. Wazazi wasiwape jibu. Wawape karatasi na utulivu. Jibu tutalitoa juma lijalo, tukijaaliwa uzima.